Zoezi la Ulimi

Jumatatu, kidato cha nne, mkondo wa pili,
nilichora mraba ubaoni
nikaugawa kama Ngamiani ilivyogawanywa
kwa barabara zake za namba.
Juu nikaandika kilichotoka kwa baba,
ubavuni kilichotoka kwa mama,
herufi kubwa, herufi ndogo.
"Kubwa ikiwepo," nikasema, "ndogo hunyamaza.
Hunyamaza, haifi.
Hupita kwa bibi, hupita kwa mama, kimya,
ikaja kubisha hodi kwa mjukuu."
Wakaandika. Hata Kibwana wa dirishani aliandika.

Kisha nikafanya kosa.

"Kaulizeni nyumbani," nikawaambia,
"nani anaweza kukunja ulimi kama mfereji.
Kukunja ni herufi kubwa. Kesho tujaze vyumba."
Kitabu kilisema hivyo. Nami nilifundishwa hivyo,
kwa chaki ileile, kwa kujiamini kulekule.

Jumanne darasa zima ndimi nje,
vicheko, mate, madaftari yakipeperuka.
Mwanamkasi Semboja hakucheka.
Lake aliliweka mezani kwangu kifudifudi.

Baba, fundi wa karakana ya reli: hawezi.
Mama, mpima chokaa wa Amboni: hawezi.
Mimi: naweza.
Na chini yake mraba, umepigwa rula,
vyumba vinne, herufi ndogo tupu.

"Mwalimu, mimi nakaa chumba kipi?"

Nikaiona jana yao bila kusimuliwa:
baba mbele ya kioo anajaribu, anajaribu tena,
mama anacheka, kisha hacheki,
na shangazi, mlangoni, anasema neno
la kusemwa huku unatazama kwingine.
Wahenga waliufunga mlango huu kwa maneno matatu,
kitanda hakizai haramu,
nami nimekwenda kuugonga kwa kipande cha chaki.

Jioni nilikwenda Barabara ya Kumi na Nne.
Nilivua viatu. Nilikuwa nimejiandaa na maneno makubwa,
yote yakabaki kwenye viatu.
Nikasema: ulimi hautawaliwi na herufi moja.
Wapo mapacha wa yai moja, sura moja,
huyu anakunja, yule hawezi.
Vitabu vilirahisisha, nami nikarahisisha juu ya urahisi.
Huyu mtoto hajakosa chumba,
mraba wangu ndio uliokosa nafasi.

Baba alinyamaza muda wa birika kuchemka.
"Sasa mbona mnaufundisha?"

Swali lake sijalimaliza hadi leo.
Mama alisema tu, "Kaa, mwalimu, chai itapoa,"
akamsukumia mumewe sahani ya mihogo,
naye akaipokea, nikaona vidole vyao vimegusana.
Shangazi akainuka kwenda kuanua nguo
zilizokuwa bado mbichi.

Siku hizi nafundisha kwa kuku.
Mwanamkasi mwenyewe ndiye aliyemleta jogoo,
kishingo, shingo wazi, kishungi kimoja tu cha manyoya mbele:
kubwa moja, ndogo moja, anasomeka kwa macho.
Tetea wa shule ana manyoya hadi kidevuni.
Tukajaza vyumba: nusu kwa nusu.
Mayai kumi chini ya tetea, nyuma ya maabara,
na darasa likaapa: vishingo watano.

Wakatotolewa wanane.
Vishingo watatu.
"Mraba umedanganya tena!" Kibwana akafurahi.

La, nikasema. Mraba haukuahidi.
Kila yai hurusha shilingi yake,
wala halimuulizi kaka yake aliangukia upande gani.
Rusha nane, upate tatu, ni kawaida ya shilingi.
Rusha elfu, ndipo nusu itakapojitokeza.

Mwanamkasi alikuwa amechuchumaa,
kifaranga kiganjani, anakipulizia shingo.
Alikuwa amekunja ulimi, hajui,
kama wafanyavyo watu wanapokuwa makini.
Niliona. Nikageukia ubao,
nikafuta, nikachora mwingine.